Hoegaarden hutamkwa kwa ghaini

Kwenye friji ya bia za nje katika baa ninayofanyia kazi, huku Westlands, kulikuwa na chupa zisizonunuliwa kwa sababu moja tu: mteja hajui aziitaje. Mtu na heshima zake, ameketi na wenzake wa ofisini, hakubali kuchekwa kwa ajili ya Weihenstephaner. Ataipitia menyu, atasita kidogo, kisha aseme, "Niletee Taska baridi." Sisi wahudumu nasi tulichangia, maana hakuna anayempendekezea mteja kitu asichoweza kukitamka mwenyewe. Nikaamua kuyashika majina hayo, na njia iliyonifaa ni kuacha kuyasoma kwa Kiingereza na kuyasoma kwa Kiswahili.

Nikueleze. Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba neno lolote geni ni la Kiingereza mpaka ithibitike vinginevyo. Kumbe Kiswahili kinalingana na lugha nyingi za Ulaya kwa jambo moja kubwa: a ni a, e ni e, i ni i, huhitaji kubahatisha. Kinachobaki ni kujua herufi chache ambazo wenyewe wanazitamka tofauti na sisi.

Nilianza na Kijerumani kwa sababu mwalimu alikuwa karibu. Jirani yangu kwenye ploti, Kangemi, anasoma lugha hiyo Goethe-Institut pale mjini, kama vijana wengi siku hizi wanaotafuta kazi ya uuguzi kule. Nilimwonyesha picha za lebo kwenye simu huku yeye anaosha vyombo mlangoni. W soma v, akasema. Z soma ts. Ei ni ai, ie ni i ndefu, äu ni oi, na er ya mwisho karibu inageuka a. St ikianza neno, hata neno lililounganishwa ndani ya jina refu, huwa sht. Basi ile Weihenstephaner iliyokuwa ikituogopesha ikawa Vaien-SHTE-fana, mzigo wote kwenye "shte". Kiwanda chake kiko Freising, Bavaria, na hujitangaza kuwa kikongwe kuliko vyote duniani, tangu 1040. Nadhani umri huo unawapa ruhusa ya kuwa na jina refu. Franziskaner ni Fran-tsis-KA-na. Löwenbräu ilitaka mazoezi ya mdomo: uuviringe kama unasema o, halafu utoe e. Nilijizoeza ndani ya matatu mpaka konda akaniuliza kama nashuka.

Erdinger ndiyo iliyonifurahisha. Wanaoisoma kwa Kiingereza husema Edinja au Edinga. Wajerumani hawana g hapo; ni ng' ya ng'ombe na ng'ambo, ile ile tunayohangaika kuwafundisha Wazungu. E-ading'a, mkazo mwanzoni.

Na mkazo, kwa kweli, ndiyo shida yetu kuliko herufi. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana Nairobi nzima inasema Haine-KE-ni, wakati Gerard Heineken wa Amsterdam angelianza jina lake kwa nguvu na kulimaliza polepole: HAI-neken. Paulaner ilitokea tu kuangukia palepale tunapokaza, Pau-LA-na, kwa hiyo kila mtu huipatia bila kufundishwa.

Hoegaarden ilinishinda kwa muda. Kila zamu ilikuwa na lake: Hogadeni, Hegadeni, na mwenzetu mmoja aliyeiita "ile ya machungwa" kwa sababu hutiwa ganda la chungwa na mbegu za dania. Nilisikiliza video za wenyeji wa kijiji hicho cha Ubelgiji. Mwanzo ulikuwa rahisi, kwani oe ya Kiholanzi ni u tu, ila katikati nikasikia sauti kama ya mtu anayesukutua maji. Nikaipeleka jikoni kwa mpishi wetu wa biriani, mama wa Mombasa ambaye pombe haigusi na hata kaunta haikanyagi. Nikamwekea simu sikioni, mikono yake imejaa vitunguu.

"Mama, hebu sikiliza hapo katikati."

"Hiyo si ghaini, mwanangu? Sema ghali. Sema ghorofa. Usiseme gali kama mlivyozoea nyinyi wa bara."

Kisha akalitaja jina zima, HU-ghaaden, ghaini imekaa kooni barabara. Katika baa yote, anayelitamka vizuri zaidi ni yule ambaye bia yenyewe hataionja.

Zilizobaki za Ubelgiji zilipita upesi. Leffe ni Lef ukiwafuata wasemaji wa Kifaransa, na abasia yenyewe, nyumba ya watawa iliyoipa bia hiyo jina, iko Dinant, kwa hao hao. Stella Artois inatoka Leuven, wanakosema Kiholanzi, lakini Artois ni jina la Kifaransa, la Sebastian Artois aliyekinunua kiwanda hicho 1717: Ar-twa, s inamezwa. Duvel, yenye asilimia 8.5 ya kileo, mdomo uwe wa u na sauti iwe ya i. Mteja akishakunywa mbili, matamshi hayana tena maana.

Budweiser nayo nimeambiwa mara nyingi kwamba Wamarekani wanaiharibu. Sikubali. Bia ya St. Louis inaitwa Bad-waiza na wenyewe, na mwenye kitu ndiye mwenye jina. Wacheki wana yao kutoka České Budějovice, mji ambao kwa Kijerumani ni Budweis, na hiyo ndiyo Bud-vaiza. Kampuni hizo mbili zimevutana mahakamani kwa zaidi ya karne, sembuse mimi na mteja wa meza ya dirishani. Kutoka huko huko Ucheki kuna Pilsner Urquell, Ur-kvel, bia ya Plzeň ya 1842. Mji huo ndio uliozaa neno Pilsner, ambalo hapa Kenya tunaliagiza kila jioni bila kuuliza lilikotoka.

Ninayoyajua haya nayatumia ninapopendekeza tu. Mteja akiagiza "Hogadeni moja," sirudii jina. Najibu, "Sawa, mkubwa," naleta chupa na ile glasi yake nzito ya pembe sita, namimina, naizungusha chupa kidogo ili hamira iliyotulia chini iamke, namalizia. Kumsahihisha mtu mbele ya wageni wake ni ukosefu wa adabu, tena hupunguza bakshishi. Raundi ya pili wengine huagiza kwa ghaini, wengine hubaki na yao.

Orodha nimeibandika nyuma ya kaunta, imeandikwa kwa herufi zetu, na mhudumu mpya huisoma siku ya kwanza. Juzi nimeongeza Tsingtao, ambayo Wachina husema Ching-dao. Carlsberg bado: hapa tunaitaja herufi zote, nao Wadenmaki humeza r na g za mwisho, na jirani yangu wa Kangemi amekataa kabisa kuingilia Kidenmaki.