Uzoefu wangu na oili ya sintetiki: nahesabu saa za injini kabla ya kilomita

Gari langu ni la petroli, injini ya silinda nne ya lita 1.8, haina tabo (turbo, pampu inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini). Namwaga oili ya sintetiki kila kilomita 7,000, au miezi 12 ikitangulia. Kitabu cha gari kinaruhusu zaidi ya hapo, na kopo la oili limeandikwa 15,000. Namba yangu imetokana na hesabu ambayo yeyote mwenye gari anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Odomita huhesabu mzunguko wa tairi, lakini anayeichosha oili ni injini. Gari likikwama kwenye foleni, tairi zimetulia huku injini inaunguruma, oili inazunguka, na masizi pamoja na mvuke wa petroli vinapenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kuchanganyika nayo. Gari lenye wastani wa kilomita 70 kwa saa humaliza kilomita 10,000 kwa saa 143 hivi. Lenye wastani wa kilomita 20 kwa saa huzimaliza kwa saa 500. Odomita inasoma sawa kwa wote wawili, ila oili ya huyu wa pili imefanya kazi zaidi ya mara tatu.

Magari mengi ya sasa huonyesha wastani wa mwendo kwenye dashibodi. Siku ya kumwaga oili niliurudisha sifuri, nikauacha mwezi mzima, nikakuta 24. Hapa kuna mtego: baadhi ya magari hujirudisha sifuri kila ukijaza mafuta au ukizima injini, na mengine yana hesabu mbili, A na B. Tumia ile isiyojifuta. Ukomo niliojiwekea ni saa 300, na 24 mara 300 ni 7,200, nikashusha hadi 7,000 ili iwe rahisi kukumbuka. Saa 300 ni uamuzi wangu kwa injini ya namna hii. Kwa injini yenye tabo na nozeli zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ningeishia 200, kwa sababu tabo huichemsha oili na nozeli hizo huiingizia petroli kwa urahisi zaidi.

Kama dashibodi haionyeshi wastani, andika lita za mafuta unazojaza. Gari lililotumia lita 7 kwa kila kilomita 100 limeunguza lita 700 katika kilomita 10,000. Likitumia 12, zimeungua lita 1,200. Uchafu mwingi ulio kwenye oili umetokana na hayo mafuta yaliyoungua, kwa hiyo daftari la mafuta linakupa picha nzuri ya hali ya oili.

Kinachokwisha ni nini hasa? Oili yenyewe ya sintetiki huvumilia joto kwa muda mrefu kuliko ya kawaida. Zinazokwisha ni dawa zilizochanganywa ndani yake: ya kusafisha, ya kuufanya uchafu uelee usigande, ya kulinda vyuma vinavyosuguana, na ya kuua asidi. Hii ya mwisho hupimwa maabara kwa kipimo kiitwacho TBN, ambacho kwenye oili mpya ya petroli mara nyingi huwa kati ya 7 na 10, kisha hushuka kadiri inavyotumika. Ukipata maabara inayopima oili, itumie angalau mara moja. Acha oili ya mwanzo imwagike kidogo, kinga ya katikati kwenye chupa safi na kavu, mililita 100 zinatosha. Kwenye majibu naanza na mnato, yaani uzito wa oili: oili ya 5W-30 inapaswa kuwa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5 kwenye nyuzi 100. Ikishuka chini ya hapo imekuwa nyepesi kama ya 20, na mara nyingi sababu ni petroli. Silikoni ikiwa juu pamoja na chuma, vumbi linaingia, basi kague filta ya hewa na mipira ya bomba lake kabla ya kuilaumu oili.

Rangi haitoshi kukupa uamuzi. Oili inayosafisha vizuri lazima ibadilike, na ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kuwekwa. Ninachokichukulia kwa uzito ni oili yenye rangi ya maziwa, maana kuna maji ndani yake, au oili inayonuka petroli huku kiwango chake kikipanda badala ya kushuka.

Miezi 12 naizingatia hata gari likitembea kidogo. Katika safari ya dakika tano maji ya kupoza injini hupata joto kabla oili haijapata joto la kutosha, na mvuke uliogeuka maji ndani ya injini haupati nafasi ya kuvukia nje. Gari la safari fupi fupi huharibu oili likiwa na kilomita chache sana. Watengenezaji wenyewe wanalijua hili: Toyota nchini Marekani huruhusu kilomita 16,000 au miezi 12 kwa injini zake nyingi za 0W-20, lakini kwa matumizi magumu hushusha hadi 8,000. Volkswagen ina mpango wa hadi kilomita 30,000 au miaka miwili, ila kwa oili maalum iliyoidhinishwa na kwa gari linalojipimia lenyewe muda wa kubadilisha oili. Tafuta kwenye kitabu chako ukurasa wa matumizi magumu. Foleni, vumbi, kuvuta trela na joto kali vyote vimo humo, na ukisoma kwa makini utagundua wengi wetu tunaangukia huko.

Nikibadilisha, nawasha injini dakika tano tu, oili iwe ya vuguvugu bila kuunguza mkono. Gari kwenye sakafu bapa, handibreki juu, tairi za nyuma zimezuiwa, na stendi imara chini ya gari. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja. Nafungua kifuniko cha juu, nalegeza bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), naacha oili ichuruzike hadi iwe matone, dakika 15 hivi. Bolti inarudi na washa mpya (kipete chake cha kuziba), nakaza kwa nguvu ya Nm 37 (niutoni mita) kwa injini yangu. Sampu nyingi ni za aluminiamu, na anayekaza kwa hasira hukwangua nyuzi zake, kisha oili huvuja daima.

Filta ni mpya kila mara. Ikiziba, vali yake ya dharura hufunguka na oili isiyochujwa hupita moja kwa moja kwenye beringi. Kosa linalomwaga oili yote ndani ya dakika chache ni hili: mpira wa filta ya zamani hubaki umenata kwenye injini, fundi akafunga mpya juu yake. Pitisha kidole pale kwenye uso wa chuma, uhakikishe ni laini na mtupu. Paka oili kwenye mpira mpya, zungusha hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono, isipokuwa filta yenyewe ina maelekezo mengine.

Injini yangu inachukua lita 4.2 pamoja na filta. Namimina 3.8 kwanza, nawasha hadi taa ya oili izime, nazima, nasubiri dakika kumi, ndipo napima kwa kijiti na kuongeza kidogo kidogo. Oili ikizidi, kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) huipiga mpaka ikatoa povu, na pampu haiwezi kusukuma povu vizuri.

Baada ya hapo napima kijiti kila kilomita 1,000, asubuhi injini ikiwa baridi. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Mtu akishazoea vipindi virefu husahau kufungua boneti, na injini inayokula lita moja kwa kilomita 4,000 itakuwa karibu kukauka kabla ya 15,000 kufika. Kuongezea oili ya kampuni nyingine si tatizo, mradi mnato na kiwango cha ubora kilichoandikwa kwenye kopo viwe vilevile, API SP kwa mfano. Kama gari lilikuwa kwenye oili ya kawaida kwa miaka mingi, kipindi cha kwanza cha sintetiki nakifanya kilomita 3,000 tu, kwa sababu tope la zamani huanza kuachia na kujaa kwenye filta.