Karata saba, na mimi nilizoea turufu

Jana usiku nimefundishwa poka. Siyo ile ya kwenye TV yenye karata za pamoja katikati ya meza. Hii inaitwa stadi ya karata saba, ingawa stadi mimi sikuwa! Jirani yetu mzee hapa Columbus, Ohio, hachezi nyingine.

Unapewa karata mbili za kuficha na moja ya wazi. Mwenye ya wazi ndogo kuliko wote analazimika kuanza kutia dau. Zinafuata tatu za wazi, ya saba inafichwa, na kila mara unaamua: utie au ujitoe. Mwisho unachagua tano bora.

Mtoto wa Tanga nimekulia kwenye wahedi wasitini, nikauliza turufu ni ipi. Wakacheka. Hakuna turufu.

Basi mkono wa tatu nikapata kopa nne mfululizo. Moyo dudududu. Nikawa namwaga maharage tu (ndiyo tulichezea, alhamdulillah) nikisubiri kopa ya tano, maana karata tano za aina moja ni mkono mkubwa. Ikaja shupaza, ikaja uru, ya mwisho pau. Mzee akanionyesha kosa: kopa nyingine sita zilikuwa zimeshatokea wazi mbele ya wenzangu, mbili kati yake za waliojitoa na kuzifunika. Zilibaki tatu tu! Nilikuwa bize kuangalia karata zangu, nikadhani na wenzangu wako hivyo hivyo.

Leo nimerudi na pakiti mpya ya karata. Mke wangu ameitazama, akaenda kuficha maharage.