Nilivyojifunza kuzitazama shanga za Gede

Safari yangu ya kwanza kwenye makumbusho ya Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, nilizipita shanga bila kuziona. Nilivutwa na vyombo vya kaure vya Uchina. Nilipoinama kwenye kabati la shanga, kioo kilinirudishia uso wangu na mwanga wa mlangoni, basi nikaondoka.

Mara ya pili nilikwenda na bibi yangu. Tulipanda matatu Malindi mapema, jua bado changa. Niliponung'unika kwamba kioo kinang'aa, bibi akavua mtandio wake mweusi, akautanda kwa mikono miwili nyuma ya kichwa changu, baina ya kabati na mlango.

"Haya mjukuu wangu, tazama sasa."

Mng'ao wote ukapotea! Niliomba ruhusa ya kupiga picha, nikazima taa ya simu, nikaigusisha kamera kwenye kioo na kuvuta picha karibu. Punje ndogo kama mtama ikajaa kiganja. Ndani yake mlikuwa na viputo vyembamba, vimelala sambamba na tundu. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya fundi: alivuta kioo cha moto kikawa mrija mrefu, hewa ya ndani ikarefuka nacho, kisha akaukata mrija vipande vipande. Ushanga uliotengenezwa kwa kuzungusha kioo cha moto kwenye kijiti cha chuma hauwi hivyo. Viputo vyake hulizunguka tundu. Buluu iliyokolea huletwa na kobalti, na samawati ya kijani huletwa na shaba.

Nje, kati ya magofu, iko nyumba iliyopewa jina la ushanga wa Venice uliopatikana humo. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, alizipa nyumba nyingi majina ya vitu alivyovikuta. Nilisimama kizingitini muda mrefu. Kitu kidogo hivyo, kimevuka bahari ngapi, na bado kina rangi yake.

Tuliporudi nyumbani bibi akafungua sanduku, akatoa mrashi wa kioo wa harusi yake, ule wa kunyunyizia wageni marashi. Miaka yote nimeuona, sikuwahi kuutazama. Tuliuinua dirishani. Tumboni viputo vilikuwa mviringo. Shingoni, pale fundi alipovuta, vilikuwa virefu kama punje za mchele.

"Nipe nami simu," bibi akasema, "nivione vizuri."