Niliambiwa Bhaktapur ni saa moja tu, nikakaa siku tatu

Kila niliyemuuliza kabla sijasafiri alinipa jibu lake. Mmoja alisema Bhaktapur, mji wa kale wa Nepal, ni saa moja tu, piga picha urudi Kathmandu, mji mkuu. Mwingine akasema viwanja vya kifalme, vile vya mbele ya makasri ya zamani ya Kathmandu, Patan na Bhaktapur, vyote sura moja, ukiona kimoja umeviona vyote vitatu. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeniudhi zaidi, akaniambia nisijisumbue kwenda, maana tetemeko la Aprili 2015 lilimaliza kila kitu. Wote watatu walikosea, na nilikaribia kuwasikiliza.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Kuze, na riziki yangu iko Doha. Kazini kwetu Wanepali ni wengi, na mmoja wao, kijana anayeniita "dai", yaani kaka mkubwa, kwao ni Bhaktapur. Miaka miwili mizima alinihadithia kiwanja chao. Likizo ilipofika nikaona badala ya kwenda nyumbani mara mbili mwaka mmoja, safari hii niende kwao. Viza nililipia uwanja wa ndege pale pale, dola 30 hivi.

Kosa langu lilikuwa kukubali gari la viwanja vitatu kwa siku moja. Tena Jumamosi, siku yao ya mapumziko, watu wamefurika. Asubuhi tukapita Hanuman Dhoka, kiwanja cha Kathmandu penyewe. Mchana Patan. Hapo nilisimama mbele ya hekalu la Krishna, mungu wa Kihindu, la mawe tangu chini hadi kileleni, lililojengwa na mfalme Siddhi Narasimha Malla mwaka 1637. Ghorofa ya kwanza imezungushwa michoro ya Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindu, iliyochongwa kwenye jiwe, vijitu vidogo vidogo vinapigana, na mimi nikaanza kuvifuata kimoja kimoja kutoka pembeni. Sijamaliza hata upande mmoja, mwongoza watalii ananionyesha saa yake. Bhaktapur tukafika jua linatua. Tiketi ya mgeni kule ni ghali kuliko kwingine, rupia elfu moja na mia tano na ushee, na baada ya kulipa hizo nikaambiwa nina dakika arobaini. Nilihisi nimeibiwa.

Lakini pale kwenye kibanda cha tiketi niliuliza swali moja lililookoa safari yangu: nikitaka kurudi kesho, nitalipa tena? Mzee wa pale akaomba pasipoti, akaandika namba ya pasipoti nyuma ya tiketi, na tiketi ile ile ikawa halali kwa wiki nzima. Hakuna aliyenidokeza jambo hilo, si dereva, si mwongozaji. Basi ukienda, pasipoti iwe mfukoni, usiiache hotelini. Kesho yake nikachukua begi langu Kathmandu, nikapanda basi dogo la kilomita kama 13 kwa nauli isiyofika bei ya soda uwanja wa ndege, nikapanga chumba kinachotazama uwanja wa Taumadhi.

Asubuhi ya kwanza niliikosa. Saa yangu ya mkononi, ambayo ndiyo naiwekea kengele, bado ilikuwa na majira ya Doha, ambayo ni sawa na yetu ya Mombasa. Nepal wako mbele kwa saa mbili na dakika 45. Ndiyo, na hizo dakika 45 juu. Kengele ikalia saa kumi na moja alfajiri ya Doha, nafungua dirisha, kumbe kwao ni saa mbili kasorobo, jua limepanda na vikundi vya watalii vimeshaingia. Niliumia kweli.

Asubuhi ya pili niliswali alfajiri chumbani, nikashuka bado kuna kiza. Hicho ndicho kiwanja alichokuwa akinihadithia yule kijana. Wanawake wanapita na visahani vya shaba, ndani mchele, maua na unga mwekundu, wanagusa sanamu hii, wanapiga kengele ile, wanaendelea. Hakuna anayekuuzia kitu. Wazee wameshakaa kwenye pati, vibanda vya wazi vyenye paa la vigae na sakafu iliyoinuliwa, wamejitanda shali, wanazungumza. Kwa mtu aliyekulia kwenye baraza za Mji wa Kale, hapahitaji maelezo. Nilisema "namaste", mzee mmoja akasogea kidogo, nikakaa.

Mbele yetu Nyatapola. Hekalu hili alilijenga mfalme Bhupatindra Malla mwaka 1702: mapaa matano, juu ya msingi uliopandishwa kwa vidato vitano vya matofali. Ngazi zake zina walinzi wawili wawili. Chini kabisa ni wanamieleka Jayamel na Phattu, ambao wanasema kila mmoja ana nguvu za watu kumi. Juu yao tembo, wana nguvu mara kumi ya wanamieleka. Kisha simba, kisha wanyama wenye midomo ya ndege, kisha miungu wawili wa kike, kila daraja mara kumi ya lile la chini. Nikapiga hesabu nikiwa nimekaa: pale juu ni nguvu za watu 100,000, na huyo ni mlinzi tu wa mlangoni. Na hekalu lenyewe limestahimili tetemeko la 1934 na la 2015. Yule aliyeniambia hakuna kilichobaki angekaa kwenye pati ile.

Ni kweli kwamba vingi vilianguka. Hekalu la mawe la Vatsala Durga, mbele ya kasri la madirisha 55, liliporomoka lote mwaka 2015. Nimelikuta limesimama, limejengwa upya. Ukikaribia unaona mawe ya zamani yaliyofifia yamepangwa pamoja na mapya. Nililizunguka mara tatu. Madirisha ya kasri nayo yanataka muda: mbao nyeusi, nakshi juu ya nakshi, nami nimezoea milango ya Lamu nikidhani nimeona kazi ya seremala.

Ukipita Lango la Dhahabu la mfalme Ranjit Malla utafika mlango wa ua wa hekalu la Taleju, mungu wa kike. Hapo asiye Mhindu haingii, na picha hazipigwi. Nilisimama kizingitini, nikachungulia kidogo, nikarudi. Kuna mgeni alibishana na askari mpaka watu wakageuka. Haifai. Hata kwetu msikitini kuna mahali tunamwambia mgeni aishie.

Mtindi wao, juju dhau, kula mchana baada ya kutembea. Unagandishwa ndani ya kibakuli cha udongo, mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama. Nilikula kila siku, siku ya mwisho viwili. Kibakuli kimoja nilikiosha, nikakifunga kwa soksi, nikakileta Doha. Yule kijana alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa ndani, halafu akaniuliza nilikaa pati ya upande gani.