Kabla ya kupanga mwaka wa mapumziko, pata kwanza nafasi ya chuo

Wengi wanaotaka kukaa mwaka mmoja kabla ya kuanza chuo wanaanza kuwaza waende wapi, mimi nasema anza na chuo chenyewe. Omba nafasi pamoja na wenzako, ukishachaguliwa ndo uandike kuomba kuahirisha mpaka mwaka unaofuata, maana sa hivi walimu bado wanakukumbuka na wanaweza kukuandikia barua nzuri ya kukupendekeza chuoni, na wewe ukiwa huko unajua una pa kurudi. Malia Obama, binti wa Barack Obama aliyekuwa rais wa Marekani, alifanya hivyo, alichaguliwa chuo cha Harvard 2016 akaanza 2017. Ila vyuo havifanani jamani, kuna vinavyokataa kabisa, kuna vinavyoruhusu lakini ufadhili unaupoteza, na ukienda kusoma digrii chuo kingine katikati hapo unaweza kunyang'anywa nafasi. Jibu la simu usiliamini, omba waandike.

Halafu hela. Fanya kazi kwanza, yoyote ile, dukani, ofisini, shambani, safari iwe baadaye, miezi ya kwanza unaweka akiba na pia unazoea kuamka kwa ajili ya mtu anayekutegemea, hilo peke yake linakukuza kuliko picha za ufukweni. Ukitaka kujifunza lugha au ufundi, jiandikishe sehemu yenye mtihani mwishoni, bila hivyo miezi inapotea hivihivi.

Kwenye kujitolea hapa nakuomba usikie vizuri. Kuna mashirika yanakutoza hela nyingi ukakae na watoto wa kituo cha yatima wiki mbili, na wengi wa watoto hao kwenye vituo vya aina hiyo wana mzazi hai kabisa, wanakuzoea, unaondoka, anakuja mwingine, kwa kweli inaniuma. Uliza hivi, kama mimi nisingekuja kazi hii angeifanya nani, na je, naijua? Programu za maana zipo, chuo cha Princeton cha Marekani tangu 2009 wanawapeleka waliochaguliwa nje ya nchi miezi tisa bila kuwatoza ada, na wanakaa sehemu moja muda wote.

Na barua pepe ya chuo uwe unaifungua kila wiki hata ukiwa safarini, angalia na spamu, kwasababu vyuo vingi vinakutaka uthibitishe tena kwamba unakuja na tarehe ikipita nafasi anapewa mwingine.