Kupanda ndege kwenda kupanda pantoni

Watu wakijua umewahi kufika Uturuki wanakuuliza kilichokukosha ni nini, na jibu wanakua nalo tayari, wanataka useme Ayasofya, ule msikiti maarufu wa kale, au lile soko kubwa la kuezekwa, au wanataka uwahakikishie kwamba wale watu wa kwenye tamthilia kweli wako vile. Mimi nikisema pantoni wananiona nawatania.

Ilikua Oktoba 2022. Dada yangu ana duka la nguo Kariakoo na alikua anaenda kufunga mzigo Istanbul, mimi nina likizo yangu ya mwaka na sina pa kuipeleka, akaniambia twende wote utanisaidia kubeba, ila tiketi ujilipie. Nikajilipia.

Tulifikia Laleli, mtaa ambao wauza nguo wa Kariakoo wanaujua kama wanavyoijua Msimbazi. Siku mbili za kwanza nilizunguka nae, duka hili majaketi, duka lile magauni, dada anafikicha kitambaa, anakunja uso, anaandika bei kwenye kalkuleta ya simu, muuzaji anafuta anaandika ya kwake, mpaka waelewane jua limezama. Siku ya tatu miguu ikagoma. Nikamwambia leo nenda mwenyewe, mi natembea tembea. Akasema usipotee na usinunue kitu bila kuniuliza.

Nikapanda tramu pale pale Laleli, unagonga kadi getini kama mwendokasi, ikashuka taratibu mpaka ufukweni Eminönü, kwenye pantoni zao, na hapo ndio nikakutana na ule mkimbio. Mtu yeyote wa Kigamboni anaujua ule mkimbio. Geti linakaribia kufungwa, watu wana mifuko, hakuna anayemuangalia mwenzake, mama mtu mzima anakupita kama yupo kwenye mbio za vijiti. Mimi nimekulia Kigamboni, Magogoni nimevuka toka darasa la kwanza, kwahiyo miguu yangu iliondoka kabla mwenyewe sijaamua, nikagonga kadi ile ile ya tramu, geti likafunguka, nikazama ndani. Chombo kinaenda wapi? Sijui.

Kilikua kinaenda Kadıköy, na Kadıköy iko Asia. Mji wenyewe umekaa ng'ambo mbili, huku Ulaya kule Asia, katikati mlango wa bahari unaitwa Bosphorus, na watu wanatoka bara moja kwenda bara lingine kuwahi kazi kama sisi tunavyovuka kuwahi Posta. Pale ulipobanana zaidi huo mlango una mita kama 700 tu, na Daraja la Kigamboni ni mita 680, hii hesabu niliifanya usiku kitandani nikacheka peke yangu.

Ndani sasa. Hakuna malori, hakuna bajaji, hakuna mtu na tenga la kuku, ni abiria tu. Mabenchi ya mbao nje ubavuni, nikakaa hapo na sweta langu moja, upepo unapita hadi kwenye mbavu. Mara nasikia kijana anapita na trei anaita çay, çay, na wanavyolitamka ni chai, chai yetu hii hii! Nikanyoosha mkono kama niko kwetu.

Ikaja kiglasi kidogo hakina mkono, kimebanwa kiunoni, juu ya kisosi, pembeni vipande viwili vya sukari na kijiko cha kitoto. Maziwa hamna, iliki hamna, rangi nyekundu unaona mpaka ng'ambo. Nikakikamata katikati nikakiachia hapo hapo, moto balaa. Kuangalia wenzangu, kumbe wanakishika juu kabisa, mdomoni pale, kwa vidole viwili. Nikaiga. Mbele yangu mama mmoja alikua anamega simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, anarusha juu na shakwe wanadaka hewani bila kukosea. Mi nilikua na njaa, iliniuma kidogo.

Alafu akaja mzee, kofia ya sufu, mvi tupu, akakaa pembeni yangu. Sasa sisi tuliolelewa Pwani, mzee akikaa pembeni yako mdomo unajiendesha wenyewe.

"Shikamoo."

Na yeye, bila hata kushtuka:

"Merhaba."

Aisee, chai nusura niimwage. Nikasema labda nimesikia vibaya, nikamjaribu tena, shikamoo mzee, akaweka mkono kifuani, "Merhaba, merhaba." Baadae ndio nikaja kujua kwao hiyo ni salamu ya kawaida tu, yeyote anampa yeyote, neno la Kiarabu lililofika kwao kwa njia yake na kwetu kwa njia nyingine. Lakini pale sikujua hilo, nilichojua ni kwamba nimeamkia nimeitikiwa, basi nikakaa vizuri kama mtu aliyefika kwa ndugu.

Nikamuonyesha saa, nikaonyesha ng'ambo, kwamba ni muda gani. "Yirmi dakika," akanyoosha vidole kumi mara mbili. Dakika! Tulipokaribia akanionyesha jengo kubwa linalotazama maji, Haydarpaşa, stesheni ya treni, Wajerumani walianza kulijenga 1906. Sisi reli ya kati walituanzia 1905 hapa hapa Dar, yaani walitupita kama mafundi wanaohama saiti.

Kadıköy nilitoka geti moja nikaingia jingine. Siku hiyo nilivuka mara nne.

Usiku namsimulia dada, yupo chini anafunga maroba kwa gundi ya karatasi, akanyanyua kichwa: "Kwahiyo umepanda ndege kutoka Dar kuja kupanda pantoni?"

Ila jioni ya mwisho alikuja. Nilishamhadithia ya mzee kwahiyo hakutulia, kila mtu mwenye umri anampa shikamoo, mama mwenye mikoba merhaba, babu mwenye gazeti merhaba, dada anacheka hadi anajifuta machozi na mtandio. Akapita yule kijana wa chai, miaka kumi na nane hivi hata ndevu hana, dada kwa mizuka nae akampa.

"Merhaba abla," kijana akajibu. Abla ni dada mkubwa.

Dada akamkazia macho. "We mtoto, unapokea shikamoo yangu?"

Kijana akadhani anaomba sukari, akamuongezea vipande viwili.