Siku nne za pedali hadi Chamwino: tulivyopata baiskeli 43 za wanafunzi

Binti wa dada yangu anasoma shule ya sekondari ya kata wilayani Chamwino, Dodoma. Kutoka kwao hadi shuleni ni kilomita tisa. Oktoba 2024 nilikwenda kumsalimia dada, nikaamka saa kumi na moja alfajiri nimsindikize mtoto. Tulitembea kwa mwanga wa simu mpaka kulipopambazuka. Njiani pikipiki mbili zilipunguza mwendo kando yetu. Yule wa kwanza aliponiona nimeshika mkoba wa binti, alikanyaga gia akaondoka bila kusema neno. Nilimuuliza mtoto kama huwa wanasimama. Akajibu, "Kila siku, mjomba," akaendelea kutembea.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa 2016. Tangu Novemba 2021 hata msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Hayo ni mambo makubwa na ninayashukuru. Lakini zile kilomita tisa zilikuwa palepale, na lifti ya bodaboda ina bei ambayo kila mzazi anaijua.

Dar es Salaam ninafanya kazi duka la dawa, na kila Jumamosi asubuhi huendesha baiskeli na wenzangu. Niliporudi niliwasimulia. Tukakubaliana papo hapo: tutaendesha hadi shule ile, siku nne, na kila mmoja atachangisha watu wake ili tununue baiskeli za wanafunzi wanaotoka mbali. Tulijiandikisha 22, wanawake saba na wanaume kumi na watano.

Kuchangisha sisi sote tulikujua kwa njia moja, ya kamati ya harusi. Daftari la ahadi, kadi, kundi la WhatsApp, na mtu mmoja mwenye moyo mgumu wa kukumbusha. Njia hiyo inafanya kazi kweli. Ila ina ugonjwa wake: kamati hula kabla ya bibi harusi. Kikao cha kwanza mjumbe mmoja, kwa nia njema kabisa, alipendekeza fulana na chakula cha njiani vitoke kwenye michango, maana ndivyo ilivyo kawaida. Mweka hazina wetu, mama mmoja aliyestaafu ukarani wa benki, alifunga daftari lake akasema, "Wanangu, pesa ya mtoto hainunui mishkaki." Tulibishana mpaka saa tatu usiku. Kikao kilipoisha tulikuwa na kanuni moja, na nikiulizwa leo ni nini kilichofanikisha safari ile, nitataja hiyo kabla ya miguu na mapafu yetu: fedha ya msafara na fedha ya wanafunzi zisikutane popote.

Kwa hiyo kila mwendeshaji alilipa shilingi 180,000 za kwake mwenyewe kwa ajili ya malazi, chakula, mafuta ya gari na fundi. Hizo zilikaa kwenye simu ya mweka hazina. Michango iliingia kwenye akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na kila Ijumaa jioni picha ya salio ilitumwa kwa wote waliochangia, hata aliyetoa elfu mbili. Mwezi wa tatu wa kazi hiyo niliona faida yake. Watu walianza kutuletea wachangiaji wengine bila kuombwa, kwa sababu walikuwa wakiona namba inapanda na hakuna kinachotoka.

Kariakoo tulipata baiskeli aina ya Phoenix, fremu ya kike ili sketi isisumbue, pamoja na karia, taa na kufuli, kwa 235,000. Tulipotaja 40, muuzaji alishuka hadi 220,000. Lengo likawa shilingi 8,800,000, yaani 400,000 kwa kila mmoja wetu. Ahadi zilifika milioni 11 na laki mbili. Zilizolipwa ni 9,460,000. Tofauti hiyo haikunishangaza, na atakayepanga jambo kama hili asinunue kitu kwa kuhesabu ahadi. Sisi tulilipia baiskeli fedha zikiwa tayari benki, tukapata 43.

Vibali vilichukua muda kuliko nilivyotegemea. Barabara yetu inapita mikoa minne: Dar es Salaam, Pwani, Morogoro na Dodoma. Tuliandika barua kwa mkuu wa usalama barabarani wa kila mkoa, tukiambatanisha orodha ya waendeshaji, namba ya gari la kusindikiza, na saa tutakazopita kila mji. Ofisi ya mkuu wa wilaya iliandikiwa yake kuhusu uchangishaji na makabidhiano. Ofisi moja barua ilipotea mara mbili, nikapanda basi kwenda kuipeleka kwa mkono na kusubiri mhuri. Anzeni miezi mitatu kabla.

Mazoezi tulianza Februari. Kilomita 40, kisha 60, na mwezi wa sita tukaenda Bagamoyo Jumamosi tukalala, Jumapili tukarudi. Kulala ndiyo siri ya zoezi hilo. Mtu yeyote mwenye afya anaweza kujikaza siku moja. Asubuhi ya pili, unapokaa tena juu ya kiti kilichokuchubua jana, ndipo unapojua kama kimepandishwa sawa, kama usukani uko mbali mno, kama vidole vinakufa ganzi. Waendeshaji sita walibadilisha viti baada ya Bagamoyo. Na wote tulijifunza kupaka mafuta ya mgando mapema, kabla ya kuungua.

Tuliondoka Kimara Jumanne tarehe 5 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, ili tuvuke Kibaha kabla ya magari kuwa mengi. Tuliichagua wiki hiyo ili tufike Nane Nane, sikukuu ya wakulima na siku ya mapumziko, wazazi wapate nafasi ya kuja shuleni. Agosti pia kuna ubaridi na mvua hakuna.

Siku ya kwanza nilikosea, na kosa lilikuwa langu kama kiongozi wa msafara. Niliwaacha wenye baiskeli nyepesi wakimbie. Kufika Mlandizi tulikuwa vipande vitatu, gari la kusindikiza limekaa katikati halijui limfuate nani. Dada mmoja akakatikiwa spoku mbili baada ya daraja la Ruvu, akakaa peke yake pembeni karibu saa nzima, malori yakimpita. Alipotukuta Chalinze hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Usiku ule nikaomba radhi mbele ya wote, tukabadilisha utaratibu: anayekwenda polepole kuliko wote ndiye anayekaa mbele na kupanga mwendo. Wenye nguvu wanakaa nyuma, wanapokezana kumkinga na upepo anapochoka. Gari linakaa mita mia nyuma ya mtu wa mwisho, taa za hatari zikiwaka. Hakuna aliyebaki peke yake tena.

Chalinze hadi Morogoro ni kama kilomita 85, na ndiyo sehemu niliyoiogopa zaidi kwa sababu ya malori. Yote ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita hapo. Trela likikupita karibu, kwanza upepo wake unakusukuma nje, halafu mkia wake unakuvuta ndani, na asiyezoea huyumba mara zote mbili. Tulikuwa tunaitana "Gari!" kutoka nyuma mpaka mbele, kila mtu anashika usukani kwa mikono miwili na kubaki kwenye bega la barabara. Rasta zilitutesa kuliko milima. Zile tuta ndogondogo za mfululizo kabla ya vijiji zinatikisa mpaka meno, na zimelegeza nati nyingi sana. Fundi wetu alikuwa akizikaza kila tuliposimama. Kuanzia Mikese, Milima ya Uluguru ikajitokeza kushoto kwetu, na mashamba ya mkonge yakaanza. Mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani. Wasioujua wakaitikia hivyo hivyo.

Morogoro barabara inagawanyika, malori ya Iringa na Zambia yanashika njia ya Mikumi, na asubuhi ya tatu tukajikuta na nafasi ya kupumua. Lakini siku hiyo ndiyo iliyokuwa ndefu: kama kilomita 130 hadi Gairo, na mlima wake uko mwishoni.

Hadi Dumila ni tambarare. Tulifika kabla ya saa nne, tukala wali maharage kwa mama ntilie karibu na daraja. Hapo ndipo mafuriko ya Januari 2014 yalipokata barabara hii, na mama yule alituonyesha kwa mkono maji yalikofika. Alipoambiwa tunakwenda wapi na kwa nini, aliingia ndani, akarudi na elfu tano. Nilimwambia mweka hazina aiandike. Akaandika: "Mama wa Dumila, 5,000."

Baada ya Magubike barabara inapanda, na haina haraka ya kuisha. Kona inafuatwa na kona, kila ukidhani umefika juu unaona malori mbele yako yanatambaa juu zaidi, yakitoa moshi. Jua la saa nane lilikuwa utosini. Mwendo wetu ulishuka hadi kilomita saba kwa saa, kisha sita. Mzee wetu wa miaka 61, aliyekuwa anaongoza kwa sababu ndiye alikuwa wa polepole, alikuwa anahesabu kwa sauti pedali hamsini, anapumua, anaanza tena moja. Ishirini na mmoja nyuma yake tukawa tunahesabu naye. Kijana mmoja alishikwa na mkakamao wa paja, akalala chini kwenye nyasi analia kwa maumivu. Dawa yake niliijua: maji ya chumvi na sukari, yale wanayopewa wanaoharisha, ambayo nilikuwa nimebeba paketi arobaini kutoka dukani. Tuliketi naye dakika ishirini. Nikamwambia anaweza kupanda gari, hakuna atakayemhesabia. Akauliza, "Yule binti yako akichoka hupanda nini?" Sikuwa na jibu. Akainuka, akasukuma baiskeli kwa miguu mpaka paja lilipolegea, halafu akapanda.

Gairo tuliingia saa kumi na mbili jioni, baridi kali, upepo unapiga mabati. Wenyeji walitupokea na viazi vitamu vya kuchemsha ambavyo sitavisahau. Vyumba tulikuwa tumelipia mapema, jambo jema, maana wiki ya Nane Nane nyumba za wageni barabara ile hujaa. Nilimpelekea mzee chai chumbani nikakuta ameshalala na viatu.

Siku ya nne upepo ulikuwa mgongoni. Kiangazi upepo wa huko hutoka mashariki, na kuanzia Gairo tulipeperuka kupita Pandambili hadi Kibaigwa, kwenye lile soko kubwa la mahindi, kama watu wanaosukumwa na mkono. Mibuyu ikaanza. Mbele ya Mbande tukaiacha lami.

Kilomita 11 za mwisho ni njia ya vumbi na mchanga. Tairi zetu nyembamba zilizama. Tulishuka, tukasukuma, watoto wakatukimbilia wakicheka na kutusaidia kusukuma. Sehemu ya njia hiyo ndiyo ile niliyotembea alfajiri na binti yetu, na niliitambua kwa mti mmoja wa mkwaju.

Baiskeli 43 zilikuwa zimetangulia na Fuso, zikiwa kwenye maboksi, pamoja na mafundi wawili ambao walikaa siku tatu wakiziunganisha. Wakati huohuo walikuwa wanamfundisha kijana mmoja wa kijiji kuziba pancha, kunyoosha rimu na kubadilisha friwili. Tulimwachia sanduku la vifaa, tyubu na spoku. Bila fundi aliye karibu, baiskeli ya msaada huegeshwa ukutani baada ya miezi mitatu; nimeziona za namna hiyo mahali pengine.

Ugawaji uliamuliwa na mwalimu mkuu na kamati ya wazazi kwa kigezo cha umbali peke yake. Wasichana 35 wanaotoka zaidi ya kilomita sita, na wavulana wanane wanaotoka zaidi ya kumi. Binti yetu alikuwa kwenye orodha kwa kilomita zake tisa. Niliomba jina lake lisomwe na mwalimu, lisisomwe na mimi. Kila mzazi alitia saini kwamba baiskeli ni mali ya shule mpaka mwanafunzi amalize kidato cha nne, ndipo inakuwa yake, na kwamba haitabeba mkaa wala madumu ya maji siku za shule. Baba mmoja aliuliza, kwa uaminifu, "Na siku za mapumziko?" Tukajadili. Tukaruhusu maji, mkaa hapana.

Jambo moja hatukulifikiria: 26 kati ya wale wasichana hawakuwa wamewahi kupanda baiskeli. Tulikuwa tumepanga kuondoka saa tisa. Tukabaki mpaka jua linazama, kila mwendeshaji ameshika karia ya mtu, akikimbia nyuma yake uwanja mzima wa mpira, na miguu ile iliyotoka Kimara. Mzee wetu alifundisha watatu. Binti wa dada alianguka mara nne, mara ya tano akazunguka goli na kurudi.

Kesho yake tulirudi Dar kwa treni ya SGR kutoka Dodoma, na baiskeli zetu zikaja na gari.

Mwishoni mwa Septemba mwalimu mkuu alinipigia. Baiskeli zote 43 zipo. Zimekatika spoku 14, pancha hazihesabiki kwa sababu ya miiba, kufuli mbili zimepotea funguo. Anaomba tyubu 20 na gundi ya kutosha kabla mvua hazijaanza. Tyubu nimeshanunua. Zinaondoka na basi la Ijumaa.